Monita ya studio (PVM) kwa gemu za zamani: doa la kijani kwenye kona linatokana na nini huku Mwanza?

#1 Mwamba_Kirumba

Wakuu, habari za jioni.

Nimepata monita ya studio, Sony PVM-20M4E ya inchi 20, aina ambayo vituo vya televisheni vya Ulaya vilikuwa vikiitumia kukagua picha kabla haijarushwa hewani. Ilitoka Uingereza ndani ya kontena la mitumba, ikashushwa Dar es Salaam, kisha ikasafiri kwa lori hadi hapa Kirumba. Naichezea PlayStation ya kwanza na Super Nintendo, zote za Ulaya, kwa waya wa SCART uliogawanywa kuwa vichwa vinne vya BNC, yaani nyekundu, kijani, bluu na ishara ya ulandanishi (inayoiambia monita kila mstari wa picha uanze lini). Picha ni kali mno. Ukisogea karibu unaweza kuuhesabu kila mstari wa skani, na herufi ndogo ambazo kwenye TV ya chogo zilikuwa zinavimba hapa zimekaa sawasawa.

Tatizo ni rangi. PlayStation ikiwaka, ile skrini nyeupe ya mwanzo yenye umbo la rangi ya chungwa katikati haiwi nyeupe yote. Kona ya juu kushoto ina ukijani unaofifia kuelekea katikati, na kona ya chini kulia ina uwaridi. Kwenye gemu zenye giza halionekani, lakini kwenye anga na theluji linanisumbua sana.

Nimesoma kwamba viwanda vilikuwa vikirekebisha tyubu kulingana na mahali zinapopelekwa: kaskazini mwa dunia, kusini, au maeneo ya ikweta. Mwanza tuko nyuzi 2.5 kusini. Dai langu ni kwamba monita iliyorekebishwa kwa ajili ya Ulaya haimfai mtu wa Kanda ya Ziwa, na mwenye fedha zake azitafute zile zilizouzwa Australia au Afrika Kusini. Naomba mwenye ujuzi anithibitishie au anipinge.

#2 Fundi_Igoma

Mkuu, kabla ya kufika Australia, bonyeza kitufe cha DEGAUSS hapo mbele. Unapaswa kusikia mvumo mzito wa "dummm" na kuiona picha ikitikisika kisha kutulia. Ile ni koili iliyozungushwa kwenye tyubu, inapewa umeme mkubwa unaopungua polepole ili kuondoa sumaku iliyoganda kwenye chuma cha ndani. Umeme huo unapunguzwa na kifaa kidogo kinachopata moto, na kikichoka koili haifanyi kazi au inafanya nusu. Usibonyeze mfululizo. Kifaa kinahitaji kama robo saa kipoe, vinginevyo mara ya pili utapata mtikisiko dhaifu na utadhani kimekufa.

#3 Mwamba_Kirumba

Asante, fundi. Mvumo upo na picha inatikisika vizuri. Doa linapungua, lakini haliondoki.

#4 Kamongo

Tueleze chumba kilivyo. Monita iko umbali gani kutoka dirishani? Nyumba zetu nyingi zina nondo nzito za madirisha, na nondo iliyosimama wima miaka mingi mahali pamoja hupata sumaku yake yenyewe. Mimi niko Pasiansi, nina monita ya JVC ya inchi 15 ambayo ilikuwa na doa la zambarau upande mmoja tu, upande wa dirisha. Niliisogeza hadi ukuta wa katikati, nikaondoa sumaku, doa likaisha. Angalia pia spika. Spika za kawaida za redio kubwa hazina kinga ya sumaku kama zile zilizotengenezwa kukaa kando ya TV, na watu wengi huziweka hapo hapo kwa sababu meza ni moja.

#5 Mwamba_Kirumba

Iko karibu na dirisha, mkuu, na dirisha lina nondo. Spika ziko mbali. Uso wa monita umeelekea kaskazini.

#6 Mwalimu_Nyegezi

Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalisubiri, kwa hiyo naomba mnivumilie, maana jibu ni refu kidogo.

Miale ya elektroni husafiri kutoka nyuma ya tyubu kuja mbele, na sumaku ya dunia huisukuma pembeni kidogo njiani. Uga wa dunia, yaani nguvu hiyo ya sumaku inayotuzunguka, tuugawe sehemu mbili. Sehemu ya wima, kule Uingereza, ina nguvu na inaelekea chini ardhini. Kwetu ni ndogo na inaelekea juu, kwa sababu ikweta ya sumaku haifuati ikweta ya ramani; upande huu wa Afrika inapita kaskazini kwetu, maeneo ya Ethiopia. Sehemu ya mlalo ni kinyume chake: huku kwetu ni kubwa kuliko Uingereza.

Sasa tazama tyubu yenyewe. PVM hiyo ni Trinitron, aina ambayo Sony waliitoa mwaka 1968, na ndani yake badala ya bati lenye vitundu kuna nyuzi nyembamba zilizokazwa kutoka juu hadi chini, huku rangi zikiwa zimepangwa kwa mistari ya wima. Mwale ukisogea juu au chini hubaki kwenye mstari wa rangi ile ile, na jicho halioni kasoro. Ukisogea kushoto au kulia, unagusa rangi ya jirani. Uga wa wima ndio unaosukuma miale kushoto au kulia, na unaisukuma upande mmoja kwenye skrini nzima. Kwa hiyo kama kisa ni kurekebishwa kwa ajili ya kaskazini, ningetarajia rangi iegemee upande mmoja kote, juu hadi chini.

Alichokieleza mwenye uzi ni tofauti: kijani juu, waridi chini. Rangi zinazopingana juu na chini ni dalili ya uga unaopita sambamba na mhimili wa tyubu, kwa sababu mwale unaopanda husukumwa upande mmoja na mwale unaoshuka husukumwa upande wa pili. Uga wa namna hiyo unaupata ukielekeza monita kaskazini au kusini. Igeuze itazame mashariki au magharibi, izime ipoe, iwashe, kisha uondoe sumaku ikiwa imeshakaa hapo hapo. Koili haiiachi tyubu tupu tu. Inakifanya chuma cha ndani kikubaliane na uga wa mahali pale, na ndiyo maana kuondoa sumaku na kisha kuhamisha monita ni kazi ya bure.

#7 Kamongo

Mwalimu ametupitisha Ethiopia na kuturudisha Kirumba kwa pumzi moja. Somo limeeleweka, ila nondo zangu bado zipo pale dirishani.

#8 Mzee_wa_Antena

Vijana, heshima kwenu. Nimetengeneza televisheni tangu zile za rangi nyeusi na nyeupe, na naona mnaiangalia dunia nzima kabla ya kuliangalia lori. Shingoni mwa tyubu kuna koili ya kuelekeza miale, sisi mafundi tunaiita yoki, na imekazwa kwa vipande vya mpira vilivyobandikwa kwa gundi. Nyuma yake kuna pete za sumaku zilizowekwa sawa kiwandani na kupakwa rangi zisisogee. Kontena likikaa juani gundi inakauka na kupasuka, lori likipiga mashimo kipande kimoja cha mpira kinadondoka, na yoki inainama kwa kiasi ambacho macho hayaoni. Matokeo yake ni rangi za kona kuchafuka, mara nyingi kona mbili zinazotazamana kama hizo. Nimezipokea nyingi za namna hiyo, na tiba yake haikuwa kuzigeuza uelekeo.

Mwenye uzi asifungue mwenyewe. Tyubu ya ukubwa huo hufanya kazi kwa volti zipatazo 25,000, na chaji hubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

#9 Binti_Ukerewe

Shikamoo mzee. Salamu wakuu.

Mimi naongeza la unyevu na wadudu. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama nguzo za moshi hufuata mwanga usiku, na monita yenye matundu juu na pembeni ni mtego wao. Nilipofunguliwa monita yangu na fundi, ubao wa volti kubwa ulikuwa na tabaka la mabaki yao, yamechanganyika na vumbi na yamenata. Msimu wa mvua ilikuwa inatoa sauti ya kukaanga na picha inacheza. Iliposafishwa kwa brashi laini na kukaushwa, ilitulia. Siku hizi naifunika shuka la pamba baada ya kuipoza, na wakati wa kucheza nazima taa ya nje.

#10 Pwani_hadi_Ziwa

Na hewa ya chumvi ya ziwa nayo inakula viungio vya BNC. Nilipokuwa Tanga viungio vilikuwa vinafanya kutu ya kijani.

#11 Kamongo

Ndugu yangu, Tanga ni bahari. Ziwa Victoria ni maji baridi, hakuna chumvi hewani. Unyevu upo, na wadudu wa dada wa Ukerewe wapo, lakini chumvi umeshuka nayo kwenye basi.

#12 Fundi_Igoma

Dada yuko sahihi kuhusu sauti ya kukaanga, na kuna jambo lingine. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi huzuia cheche kwa kiasi kidogo kuliko hewa ya pwani, kwa hiyo uchafu ambao Dar ungevumiliwa huku unaweza kuanza kurusha cheche. Hata hivyo uchafu hauleti kijani kwenye kona moja na waridi kwenye nyingine. Hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Mwenye uzi, nina swali la dharura kuliko doa. Waya wako wa Super Nintendo ulinunua wa aina gani? Mashine ya Ulaya hutoa volti 12 kwenye pini ambayo mashine ya Marekani na ya Japani hutoa ishara safi ya ulandanishi. Ukiweka waya uliotengenezwa kwa ajili ya ile ya Marekani, unapeleka volti 12 kwenye tundu la EXT SYNC ambalo linategemea volti ndogo sana. Waya wa mashine ya Ulaya uchukue ulandanishi kutoka kwenye video ya kompositi (ile yenye picha nzima kwenye waya mmoja). Monita za PVM huupokea bila shida. Pima pini namba 20 ya SCART kwa mita kabla hujacheza tena.

#13 Mwamba_Kirumba

Nimepima, fundi. Hakuna volti 12, waya unatumia kompositi. Nakushukuru sana, kwa sababu muuzaji hakunieleza lolote kuhusu hilo.

Marejesho: nimeigeuza itazame mashariki, nikaiacha ipoe, nikaiwasha na kuondoa sumaku. Waridi wa chini kulia umekwisha kabisa. Kijani cha juu kushoto kimepungua na kimebaki kama upana wa kiganja, kwenye ncha ya kona tu.

#14 Mwalimu_Nyegezi

Rangi za juu na chini zilikuwa zinategemea uelekeo, na sasa zimebadilika kwa kubadili uelekeo. Nadhani sehemu kubwa ya kesi imejibiwa.

#15 Kamongo

Ngoja kwanza, Mwalimu. Alipoigeuza, je, ilibaki mahali pale pale? Sebule za Kirumba nazijua. Ukiigeuza monita yenye chogo kirefu namna hiyo, lazima uivute kutoka dirishani ili waya zifike. Mwenye uzi atuambie.

#16 Mwamba_Kirumba

Ni kweli, imesogea kutoka dirishani kama mita moja na nusu.

#17 Kamongo

Basi hatujui kama ni mashariki au ni nondo.

#18 Mzee_wa_Antena

Wala hamjui kama si yoki. Kilichobaki kwenye kona ndicho kinachoniambia habari. Uga wa nje ukiondoka, doa linaondoka lote. Doa linalokataa kuondoka liko ndani ya tyubu.

#19 Mwalimu_Nyegezi

Hapo naomba kutofautiana na wewe kwa heshima, mzee wangu. Kuigeuza kulia au kushoto hakubadilishi sehemu ya wima ya uga hata kidogo, kwa sababu wima ni wima popote utakapotazama. Kwa hiyo kilichobaki kinaweza kuwa ndicho alichokidai mwenye uzi tangu mwanzo: tyubu iliyowekwa sawa kwa uga wa Uingereza unaoelekea chini, sasa iko mahali ambapo uga unaelekea juu. Niliandika kwamba ningetarajia skrini nzima, lakini katikati ya tyubu kuna nafasi ya akiba na kona hazina, hivyo kosa dogo linaweza kujitokeza konani peke yake. Jaribio la uhakika lingekuwa kuipindua juu chini, maana hapo wima ingegeuka.

#20 Fundi_Igoma

Tafadhali usiipindue. Ni kilo 30 hivi, na uzito wote uko kwenye kioo cha mbele. Kama mnataka kupima bila kuivunja, fundi mwenye koili ya mkono aje. Anaiwasha mbele ya kioo, anazungusha polepole kutoka katikati kwenda pembeni, kisha anarudi nyuma hatua kwa hatua huku akiendelea kuzungusha, na anaizima akiwa mbali kama mita mbili. Ukizima karibu na kioo unaacha doa baya kuliko ulilolikuta. Koili ya mkono ina nguvu kuliko ya ndani. Kona ikisafishika kwa hiyo, yoki ya mzee haihusiki.

#21 Mzee_wa_Antena

Na isiposafishika?

#22 Fundi_Igoma

Isiposafishika nitakuita wewe, mzee wangu, uje na mpira na gundi.

#23 Jirani_wa_Kisumu

Hamjambo majirani. Huku Kisumu nina PVM ya inchi 14 kutoka hospitali moja iliyouza vifaa vyake vya zamani, ile yenye kasha jeupe. Rangi ni safi, lakini picha inatetemeka kingo zake, kutetemeka kwa haraka sana. Ajabu ni kwamba gemu za Ulaya hazitetemeki, za Marekani ndizo zinazotetemeka. Nilidhani ni diski.

#24 Mwalimu_Nyegezi

Una stabilaiza karibu na monita?

#25 Jirani_wa_Kisumu

Iko chini yake, kwenye rafu.

#26 Mwalimu_Nyegezi

Ihamishe. Transfoma ya stabilaiza inatoa uga unaogeuka mara 50 kwa sekunde, sawa na umeme wetu wa ukutani. Gemu la Ulaya huchora picha 50 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha husukumwa vile vile na jicho haligundui. Gemu la Marekani huchora 60, tofauti ni 10, na wewe unaona mtetemeko wa mara 10 kwa sekunde. Diski zako ni nzima.

#27 Jirani_wa_Kisumu

Nimeiweka chumba cha pili na kuvuta waya. Imetulia kabisa. Asante sana, Mwalimu.

#28 Sato_Mkavu

Nimesoma uzi wote na nina swali ambalo litawaudhi baadhi yenu. Kwa nini tujisumbue na monita za studio? Analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine kufuata, watu walinunua vingʼamuzi, baadaye wakanunua TV bapa, na chogo zikaenda stoo. Hadi leo kuna mafundi Mabatini na Buzuruga ambao wamezipanga mpaka darini. Nyingi zilizotoka Ulaya zina tundu la SCART linalopokea RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa njia yake. Tena waliochora gemu zile walijua zitaonekana kwenye skrini laini. Tazama maporomoko ya maji kwenye Sonic ya mwaka 1991 ya Mega Drive: kwa kompositi kwenye chogo yanaonekana maji ya kupenya macho, kwa RGB kwenye monita kali unaona fito za wima zilizopishana. Mistari 800 ya PVM-20M4 inamwonyesha mchezaji kitu ambacho mchoraji hakukusudia akione.

#29 Binti_Ukerewe

Hoja yako kwa Mega Drive naikubali. Kwa gemu za PlayStation zenye maandishi mengi siikubali. Nimecheza za kuigiza kwenye chogo cha nyumbani nikawa nasoma kwa kukisia. Kwenye monita nasoma kama kitabu. Na monita hukuachia uamuzi, kwa kuwa ina tundu la kompositi pia. Ukitaka maji ya Sonic, badilisha waya tu.

#30 Mzee_wa_Antena

Kuna sababu nyingine. Monita ya studio ilitengenezwa ifunguliwe na irekebishwe: ina menyu ya kuweka sawa upana, urefu na mpindo wa picha. Tyubu yake nayo ilifanya kazi saa nyingi kila siku. Anayenunua aangalie saa zilizotumika kama menyu inazionyesha, na aiwashe kwa nusu saa kabla ya kulipa, kwa kuwa tyubu iliyochoka huanza na wekundu au ubuluu na kujirekebisha ikipata joto.

#31 Sato_Mkavu

Sawa, mzee. Basi mnijibu moja. Nina mashine ya kaseti, ile ya kuiga Famicom (Nintendo ya zamani ya Japani), na bunduki yake ya kupiga bata. Kwenye TV bapa haipigi hata ndege mmoja. Nikiipeleka kwenye PVM ya mtu, itapiga?

#32 Fundi_Igoma

Itapiga. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa muda mfupi sana, kisha mahali alipo bata panakuwa na mraba mweupe, na jicho la bunduki linatafuta mwanga huo kwa wakati ule ule. TV bapa inachelewesha picha, na bunduki za aina hiyo nyingi zinatambua mwanga wa chogo peke yake. RGB usiitafute kwenye mashine hiyo, chipu yake ya picha inatoa kompositi tu, kwa hiyo chomeka waya wa njano kwa kiunganishi cha BNC kwenye tundu la LINE. Ongeza kidogo kontrasti. Monita za studio huwekwa na mwanga mdogo kuliko TV za nyumbani, na bunduki inataka mweupe wa kutosha.

#33 Sato_Mkavu

Mwamba_Kirumba, Jumamosi uko nyumbani?

#34 Mwamba_Kirumba

Nipo, karibu. Njoo na kaseti. Fundi wa koili ya mkono anakuja saa nne asubuhi, tusubiri amalize ndipo tuchomeke bunduki.